Shanga za Ata Asekon

Ofisi ya Lodwar wameniandikia kuniomba karatasi fupi kuhusu madini katika chakula cha kuku, wapate kuiweka kwenye faili la maafisa wapya. Nimestaafu juzi tu, hata zawadi ya kuagwa sijaifungua, na tayari nimepewa kazi. Nimekaa hapa nyumbani Wundanyi, ukungu umeshuka hadi dirishani, nimejifunga leso mbili, nikajaribu kuiandika hiyo karatasi. Nilipofika mstari wa nne nikasinzia. Kwa hiyo nimeandika hii badala yake. Vyeo sitavitaja, na mishahara yetu mnaijua, haina habari. Nitasimulia ule mwaka wa 2012 na wa 2013 nilipokuwa Turkana, na namna nilivyofundishwa habari za madini na bibi kizee ambaye hakuwahi kuniuliza nilisomea wapi.

Nilihamishiwa Lodwar katikati ya mwaka 2012. Nilikuwa nimefuga, nimetibu na nimepasua kuku kwa miaka mingi katika wilaya zenye mvua, nikajiona nimeiva. Siku ya kwanza nilivaa viatu vyeusi vya ofisini. Kufikia saa nne asubuhi gundi ya soli ilikuwa imeyeyuka, soli ya kushoto ikabaki barabarani, nami nikaingia ofisini nikichechemea. Ndani nilimkuta mtu mmoja tu, msaidizi wa mifugo aitwaye Ekai, mzee wa hapo hapo Lodwar, mrefu, mwenye akala miguuni, vile viatu vya matairi ambavyo jua haliviwezi.

"Ejok?" akanisalimu.

"Ejok-noi," nikajibu, maana hilo neno nilikuwa nimejifunza njiani.

Akatazama mguu wangu wa kushoto. "Wewe ndiye daktari mpya? Umeletwa kwa ngamia ama kwa mbuzi?"

"Kwa kuku."

"Kuku," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

Mimi si daktari. Ni afisa mifugo, lakini kule yeyote anayebeba mkoba na kisu ni daktari, na baada ya wiki mbili nikaacha kubisha. Ekai naye hakuwa na cheti chochote ukutani. Alikuwa amechanja mifugo ya watu wale tangu ujanani, kwa miguu, kisha kwa pikipiki iliyokuwa na breki moja. Kwa wafugaji wengi aliokuwa akiwahudumia, kuku alikuwa ndege aliyekosea njia akaingia nyumbani. Mali ni mbuzi, ni ngamia, ni ng'ombe. Lakini mjini watu walikuwa wanaongezeka, magari ya watafuta mafuta yalikuwa yanapita kutwa, na kule Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, mayai yalikuwa yanatafutwa kila asubuhi. Mtu wa kuku alihitajika, hata kama alichekwa.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache, nanyi mtacheka. Mizani ya kuning'iniza, kisu cha kupasulia, na ndoo ya maji ya chumvi. Ndoo hiyo msiidharau. Unapima chumvi kwa mizani kama kitabu kinavyosema, unaikoroga ndani ya maji, kisha unatumbukiza yai lililotagwa siku ileile. Yai lenye ganda nene linazama. Lenye ganda jembamba linaelea. Huhitaji maabara wala umeme. Lazima liwe yai la siku hiyo, kwa sababu yai la zamani huelea hata likiwa na ganda zuri. Niliweka ofisini mfuko mzima wa chumvi kwa kazi hiyo, jambo mtakaloliona la kuchekesha baadaye, ingawa mimi sikucheka wakati huo.

Kifaa cha Ekai kilikuwa kimoja tu: kukaa. Tukifika kwenye boma lenye mnyama mgonjwa, mimi nilikuwa nafungua mkoba kabla salamu hazijaisha. Yeye alitafuta kivuli, akakaa, akatazama. Angeweza kutazama mbuzi mmoja hadi chai ipikwe, inywewe, ipikwe nyingine. "Kaa chini kwanza, daktari," aliniambia kila mara. Mimi ni mtu wa haraka, nimezaliwa hivyo. Nilikuwa namjibu kwamba tuna maboma mengine manne ya kutembelea. Alikuwa anaitikia kwa kichwa na kuendelea kutazama mbuzi.

Mwishoni mwa mwezi wa pili, mwaka 2013, ndipo Esther alipokuja ofisini. Alikuwa mjane wa miaka thelathini na kitu, aliyekaa Nawoitorong, pembeni mwa mji, pamoja na watoto wake watatu na mama mkwe wake. Baada ya mumewe kufariki, mifugo ya nyumba ile ilibaki mikononi mwa shemeji yake, Lokwang, huko malishoni. Esther alikuwa ameuza mbuzi aliopewa yeye, wote, akanunua mitetea arobaini na jogoo wawili. Ndugu wa mume walisema huzuni imemchanganya akili. Lokwang alimpa muda hadi shule zifungwe mwezi wa nne. Kuku wakimlisha, abaki mjini na watoto wasome. Wakishindwa, yeye Lokwang atakuja na punda, awachukue wote warudi bomani, na shule iishie hapo.

"Kwa hivyo daktari, mimi sikuji kwa sababu ya mayai," Esther aliniambia. "Nakuja kwa sababu ya hao punda."

Kuku wake walikuwa wanataga, tena vizuri. Taabu ilikuwa ganda. Mnunuzi wake alikuwa mama mmoja wa Sudan Kusini, Rebeka, aliyekuwa na kibanda cha chai na chapati kambini Kakuma. Kutoka Lodwar hadi Kakuma nyinyi leo mnapita mkipiga gumzo. Wakati ule lami ilikuwa imebaki vipande, na dereva alichagua kati ya shimo analolijua na shimo asilolijua. Esther alipanga mayai kwenye trei, akajaza nyuzi za mkoma katikati, akafunga ndani ya sanduku la bati. Safari ya kwanza mayai mazima yalifika nusu. Safari ya pili Rebeka alifungua sanduku, akatazama ule uji, akalifunga tena polepole. Akamwambia Esther kwamba anampenda kama dada, lakini wateja wake hawanywi mayai. Atampa safari moja nyingine. Baada ya hapo atarudia mayai ya Kitale.

Nilikwenda Nawoitorong siku ileile. Ua ulikuwa umezungushiwa matawi ya mathenge yenye miiba, banda la kuku limeezekwa kwa makuti ya mkoma, safi kabisa, na maji yapo. Chakula kilikuwa mtama na mahindi. Katikati ya ua, juu ya ngozi, alikaa mama mkwe, ambaye kila mtu pale alimwita Ata, yaani nyanya: Ata Asekon. Kazi yake ilikuwa kulinda kuku dhidi ya mwewe, kwa fimbo ileile aliyochungia mbuzi maisha yake yote. Alivaa vazi la ngozi la kizamani, ambalo pindo lake la mbele lilishonwa shanga nyeupe safu kwa safu, shanga zinazochongwa kutoka ganda la yai la mbuni. Alishonewa na mama yake. Shingoni alijaza shanga za dukani, nyekundu na buluu.

Nilipokuwa napima uzito wa mtetea, Ata akasema neno refu kwa Kiturkana akinyosha fimbo kwangu. Ekai akatafsiri.

"Anasema kuku hii ya serikali inakula nguo yake."

"Si za serikali," nikasema.

"Nimemwambia. Anasema basi ni ya wewe. Anasema shanga ya mama yake imeisha safu mbili."

Nikacheka. Nilimwambia Ekai amjibu kwamba kuku hudonoa kila kitu kinachong'aa, asijali, nitawaletea chakula kitakachowashughulisha. Naandika hapa wazi: jibu la swali langu lilikuwa limekaa juu ya ngozi mbele yangu, likiwa limeshika fimbo, nami nikalicheka.

Nilikuwa tayari na dawa yangu kichwani. Mahindi na mtama havina madini ya kutosha ya kujenga ganda, hilo ni kweli. Chuoni tulifundishwa kwamba unga wa samaki una mifupa, na mifupa ina kalsiamu na fosforasi, na hilo pia ni kweli. Ziwa liko pale. Nikampakia Ekai, au tuseme yeye alinipakia, kwenye ile pikipiki ya breki moja hadi Kataboi, kijiji cha wavuvi ufukoni, na tukarudi na gunia la vichwa na miiba ya samaki waliokaushwa. Ekai alisema tukae kidogo tutazame wanavyowaandaa. Nilimwambia jua linatuua. Esther akatwanga, akachanganya na chakula, nami nikarudi nyumbani nikiwa nimejipenda.

Siku ya tatu aliniita. Kuku walikuwa wamekauka koo, wakimaliza maji na kutaka mengine, kinyesi chao kama maji matupu, wengine wakiyumba na kuangukia ubavu. Saba walikuwa wamekufa. Nikampasua mmoja, nikaona matumbo yameiva mekundu, mapafu yamejaa maji, na nikaanza kutaja magonjwa kwa sauti, moja baada ya jingine, yote yenye majina makubwa. Ekai alikuwa amechuchumaa karibu na chombo cha chakula. Akaokota kipande cha samaki, akakilamba, akatema.

"Daktari," akasema. "Uliionja hii?"

Sikuwa nimeionja. Wavuvi wa Kataboi huwapaka samaki chumvi kabla ya kuwaanika, ili wasafiri mbali bila kuoza. Nilikuwa nimewalisha kuku wa mjane chumvi siku tatu, katika joto la Lodwar, na maji ya kisima yenyewe yalikuwa na chumvi yake kidogo. Kuku anahitaji chumvi, lakini ni ya kuonja tu. Ikizidi inamuua haraka. Tulimwaga kile chakula chote. Tulichota maji matamu kwenye visima vya mchangani kando ya mto Turkwel, tukawapa kidogo kidogo, maana ukimwachia kuku wa hali hiyo ajaze tumbo kwa mara moja unammaliza. Walikufa wawili wengine, kisha vifo vikakoma.

Niliona aibu ambayo hadi leo nikiikumbuka uso unapata moto. Nilimwambia Esther kosa ni langu, si la kuku wala la samaki, na kwamba nitamlipia wale tisa. Esther alikuwa ameshika mtetea mmoja kifuani, anamlowesha kishungi kwa vidole.

"Nataka mayai yafike," akasema. "Zimebaki wiki sita."

Tukiwa tunatoka, Ekai akasimama mlangoni. Nilitarajia aniambie maneno, na nilikuwa nayastahili. Alisema tu, "Kesho tukae."

Tulikaa. Tulifika jua linachomoza, mimi na chupa yangu ya chai, nikaacha mkoba ofisini kwa amri yake, na tukakaa kwenye kivuli cha banda hadi jua likakaribia kuzama. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Asubuhi kuku walikula, wakataga, wakajitia vumbi. Walipita mbele ya Ata Asekon kana kwamba hayupo. Mchana walijilaza, midomo wazi. Nilihesabu miiba ya mathenge. Ilipofika kama saa kumi, mtetea mmoja mwekundu akainuka, akajinyoosha, akaenda moja kwa moja kwa Ata, akadonoa pindo la vazi. Mwingine akafuata. Punde walikuwa kumi na wawili, wamemzunguka yule bibi, naye anawapiga piga vichwa kwa kiganja bila kuwaumiza.

"Angalia jogoo," Ekai akaninong'oneza.

Majogoo wote wawili walikuwa upande wa pili wa ua, hawana habari.

"Sasa angalia shingo."

Shanga za shingoni zilikuwa zinaning'inia karibu kabisa na midomo ya kuku, nyekundu na buluu, zinang'aa kuliko chochote katika ua ule. Hakuna aliyezigusa. Walitaka zile nyeupe tu, za ganda la mbuni, ambazo zilikuwa zimefifia kwa uzee.

Ata akasema neno, safari hii bila kuninyoshea fimbo. Ekai akasikiliza hadi mwisho.

"Anasema mbuzi ikikula udongo, wao wanajua inataka chumvi, wanaipeleka mahali iko chumvi. Hii kuku inakula ganda. Inataka ganda. Jogoo haitagi, ndiyo maana hataki. Anasema aliona hiyo siku mingi, akaambia daktari, daktari akacheka."

"Mwambie daktari hacheki tena."

Alipoambiwa, yeye ndiye aliyecheka.

Sasa niwaeleze, kwa ajili ya lile faili. Ganda la yai karibu lote ni chokaa, na kuku hulijenga usiku. Ndiyo maana hamu ya chokaa humjia alasiri, si asubuhi: mwili wake unajua kazi inayomsubiri gizani. Akikosa chokaa chakulani, huikopa mifupani mwake mwenyewe, na akiikopa siku nyingi ganda linakuwa laini, kisha miguu inalegea, kisha analala chini hainuki. Mifupa ya samaki isingetosha hata kama haikuwa na chumvi, kwa sababu mtetea anayetaga anahitaji chokaa nyingi kuliko hiyo. Yote haya nilikuwa nayo kwenye daftari langu la chuo, nimeyapigia mstari kwa wino mwekundu. Sikuwa nimewahi kuyaona yakitembea.

Tulirudi Kataboi. Safari hii nilikaa, nikatazama, na nikaona kile nilichokipita mara ya kwanza: ufuko umetapakaa makombe meupe, ya chaza na konokono wa ziwani, yamekauka miaka na miaka, na hayana mwenyewe. Nikaokota moja nikalilamba. Nikaokota jingine sehemu nyingine nikalilamba pia. Wavuvi waliacha nyavu wakasimama kunitazama. Ekai aliwaeleza kitu kwa Kiturkana, wakacheka hadi mmoja akakaa chini. Nilimuuliza amewaambia nini. Alisema amewaambia kule kwetu Taita ndicho chakula.

Makombe tuliyaosha, tukayaanika, Esther akayaponda kwenye kinu, si unga bali vipande vya ukubwa wa punje ya dengu, kwa sababu kipande hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku kucha, wakati ganda linajengwa. Hatukuchanganya na chakula. Tuliyaweka kwenye kopo peke yake, chini ya ukuta wa banda, anayetaka ale na asiyetaka apite. Kumbukeni hilo. Baadaye kikundi kimoja kambini kilisikia habari hizi kikachanganya makombe katika chakula cha vifaranga, na figo za vifaranga zikajaa vitu vyeupe kama chaki. Kifaranga hatagi. Mpe chokaa ya kujengea mifupa yake, basi.

Siku za mwanzo mayai yaliendelea kuelea kwenye ndoo yangu. Nilikuwa napita Nawoitorong kila jioni na ndoo mkononi, hata watoto wa Esther wakaniita Mama Ndoo. Mwisho wa wiki ya pili, katika mayai kumi matatu yalizama. Wiki iliyofuata yalizama manane. Esther alichutama mbele ya ndoo akayatazama yale mayai chini kabisa, akayagusa kwa kidole kuhakikisha kwamba hayatarudi juu.

Lokwang alikuja siku aliyosema, na punda wanne, kamba zimeshafungwa. Alikuwa mtu mtaratibu, si mkatili; aliamini tu kwamba anaokoa watoto wa ndugu yake. Aliyatazama mayai yakizama kwenye ndoo, akasema jiwe nalo linazama. Akataka kuona yanavyofika Kakuma kwa macho yake. Nami nilikuwa na kikao kambini siku ya pili yake. Kaunti ndiyo kwanza ilikuwa inazaliwa, hakuna aliyejua mafuta ya gari yanatoka kwa nani, lakini dereva alikuwa na nusu tangi na moyo mzuri. Tukapanda: dereva, mimi na Esther mbele, Lokwang na Ekai nyuma ya pikapu. Sanduku lilikuwa na trei tatu, mayai tisini. Nyuma kulikuwa kunaruka sana, ikabidi mtu alipakate. Ekai alidai mgongo unamuuma. Sikuwahi kumsikia akiulalamikia mgongo kabla ya siku hiyo wala baada yake. Lokwang akalipakata.

Tulipofika shimo la kwanza alilikumbatia sanduku. La pili aligonga paa la gari. Tulipofika kwenye makorongo alikuwa amechomoza kichwa dirishani.

"Wewe, dereva. Unaendesha namna hiyo, umebeba mawe?"

"Mzee, hii barabara si yangu," dereva akajibu.

"Pole pole. Zunguka hapo. Si hapo, hapo."

Aliendesha lile gari kwa mdomo hadi Kakuma. Esther, aliyekuwa amefumba macho tangu Lodwar, alifungua jicho moja, akanitazama, akalifumba tena. Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi, katika joto lile.

Rebeka alikuwa anakanda unga. Alisafisha mikono, akavuta sanduku, akafungua. Akatoa yai moja moja, akiligonga kwa mgongo wa kijiko karibu na sikio. Lenye ufa husikika, linatoa sauti iliyokufa. Wateja waliweka vikombe chini. Esther alikuwa amesimama nje, kagandamana na nguzo, akawa anasikiliza tu kijiko. Trei ya kwanza ikaisha. Ya pili, moja likawekwa kando. Ya tatu, moja jingine.

"Mawili," Rebeka akasema. "Katika hii barabara? Hata ya Kitale hayafiki hivi." Akageuka kumtafuta Esther. "Kwais, vizuri kabisa, dada. Kila wiki uniletee."

Esther alikaa chini palepale nje, kwenye vumbi, akajifunika uso kwa leso. Rebeka alimletea chai. Lokwang alichemshiwa yai. Alikuwa hajawahi kula yai maishani, na siku hiyo pia hakulila. Alilimenya kwa uangalifu, akampa Ekai kile kilicho ndani, na maganda akayafunga kwenye pembe ya shuka yake.

"Ya kuku," akatueleza, kana kwamba sisi ndio tusiojua.

Tulirudi Nawoitorong kesho yake alasiri. Punda walikuwa wamefungwa nje ya ua, kamba bado ziko migongoni, na vyombo vya Esther, masufuria na madaftari ya watoto, vilikuwa vimepangwa mlangoni, maana Ata Asekon alivitoa mwenyewe ili lolote litakalotokea lisimkute hajajiandaa. Lokwang alisimama kati ya punda na vyombo. Alizungumza na mama yake kwa muda mfupi. Kisha akamuuliza Ekai makombe yanapatikana upande gani wa Kataboi.

"Punda wamekuja na kamba," akasema. "Si vizuri warudi bure."

Akaondoka na punda wanne kuelekea ziwani. Watoto wakaanza kuyarudisha masufuria ndani, wakiyagonga makusudi ili yalie.

Mimi niliinama kutazama lile kopo la makombe, kama lilihitaji kujazwa. Halikuwapo. Nilizunguka banda, nikatazama chini ya ukuta, wapi. Ilikuwa yapata saa kumi, na mitetea ilikuwa inaelekea katikati ya ua. Pale juu ya ngozi, Ata Asekon alikuwa ameliweka kopo katikati ya miguu yake, chini kabisa ya lile pindo lenye safu mbili zilizoisha.

"Kopo lilikuwa ukutani," nikamwambia Ekai. "Nani alilihamisha?"

Ekai akamuuliza. Ata alijibu bila kuinua macho, mkono wake ukiwa juu ya mgongo wa yule mtetea mwekundu.

"Anasema tangu uweke kopo kule," Ekai akasema, "kuku hawakuwa wanakuja kumuona."